Jiwe Aliloligonga Odeta Saa Saba Mchana

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, umande haujakauka, Odeta Machibya anapiga magoti juu ya mwamba mkubwa kuliko chumba anacholala. Anainua nyundo, anagonga mara tatu, kisha anainamisha kichwa, sikio la kushoto chini, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

"Hili linapitika," anasema, na kuchora alama ya vema kwa chaki nyeupe.

Anasogea kwenye jiwe la pili. Gonga, gonga, gonga. Safari hii anakunja uso. "Hili limekufa. Sikia lenyewe, utadhani unagonga debe la unga." Anachora mkasi wa kukataza, tena mkubwa, ili hata mwenye macho mabovu asije akasingizia kwamba hakuuona.

Chini ya kilima, magari saba yananguruma yakimsubiri. Ni Landkruza za zamani, Prado mbili na kijisuzuki kimoja kilichoinuliwa magurudumu mpaka kinachekesha. Wenyewe ni watu wa mjini, wenye maduka, ofisi na wengine pensheni zao. Mara moja kila mwezi hukusanyika Buswelu, wakaiacha lami nyuma na kwenda kupanda mawe mpaka watokee ziwani. Ukiwauliza wanatafuta nini huko, watakuambia raha. Loo! Mtu ana barabara nzuri, ana gari zima, halafu anakwenda kulipandisha juu ya majabali kama mbuzi.

Odeta, mwenye miaka arobaini na mmoja, naye alicheka sana siku ya kwanza.

"Nimeponda kokoto miaka kumi na tisa," anasema. "Ndoo moja shilingi mia nane, na ndoo sita zikitoka kwa siku tunasema leo Mungu katuona. Wakaja hawa wakaniambia watanipa elfu hamsini kwa safari moja, nitangulie mbele niyasikilize mawe tu, nisiyaponde. Nikasema hawa watu wamerogwa."

Anacheka kidogo. Kisha kicheko kinakatika na uso unamshuka.

"Lakini leo sina raha, mwandishi. Leo nina neno la kumwambia mtu, na nikishindwa leo sitaliweza tena."

Mtu huyo amekaa kiti cha abiria kwenye gari la kwanza. Ni mwalimu mstaafu Nathaniel Shimba wa Butimba, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye kofia ya pama, mikono ameipakata mapajani kama aliyekuja kliniki. Kwa miaka miwili watu wamekuwa wakimnyooshea kidole kwamba ndiye aliyemuua mume wa Odeta kwa gari. Yeye mwenyewe anaamini hivyo.

"Nataka kumwambia kwamba si yeye," anasema Odeta, macho yake kwenye chaki mkononi. "Aliyemuua Antoni ni mimi."

* * *

Ili neno hilo lieleweke, ni lazima kwanza kuieleza kazi yenyewe.

Waponda kokoto wa vilima vya Mwanza hawana baruti. Jabali likiwa kubwa, wanalichoma. Wanapanga matairi chakavu juu yake, wanawasha moto, unawaka siku nzima, halafu wanamwaga maji. Jiwe linapasuka kwa ndani. Kinachofuata ni nyundo na jasho.

Wakati mwingine jiwe huchomwa kisha likaachwa. Labda wenye eneo wamewafukuza, labda mvua imeingia. Masika moja yakipita, masizi yote yameoshwa. Kwa macho utaliona jabali zima, limetulia kama lilivyoumbwa. Kumbe ndani limekatika vipande, linasubiri mzigo tu.

Ndiyo maana linagongwa. Jiwe zima hulia kama kengele, na lililokatika hutoa sauti nzito, ya kufifia. Kuna sharti moja ambalo kila mponda kokoto anafundishwa kabla hata ya kushika nyundo: jiwe husikilizwa likiwa limepoa. Jua likilipiga sawasawa, linatanuka, nyufa zake zinabanana, na jiwe bovu linalia vizuri kabisa. Ukichelewa ukalikuta limepata moto, unalimwagia maji na kukaa kivulini mpaka lipoe. La sivyo, unageuza.

Odeta ni Msukuma wa Magu. Sharti hilo alifundishwa na Antoni Ojwang, Mjaluo aliyekuja kutoka Shirati, mkoani Mara, akiwa kijana mwenye nyundo mbili na shati moja. Walikutana kwenye kokoto, wakaoana kwenye kokoto, wakampata binti yao Precious, ambaye sasa yuko kidato cha pili.

"Antoni alikuwa na maneno huyo!" anasema Odeta. "Alikuwa akiniambia, wewe Msukuma umezoea kusikiliza ng'ombe, jiwe utaliweza? Baada ya mwaka mmoja akawa yeye ndiye anayeniuliza mimi. Alisema sikio langu limelizidi lake."

Kikundi cha madereva kilipowaajiri, waligawana kazi. Odeta alitangulia na nyundo na chaki. Antoni alisimama mbele ya gari akimwelekeza dereva kwa mikono: kushoto, kulia, taratibu, simama. Kwa miaka mitatu hakuna gari lililopata hata mkwaruzo wa maana.

* * *

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi. Gari moja lilipasua tairi mara mbili njiani, na msafara ukafika sehemu ambayo madereva wameipa jina la Ngazi ikiwa imeshagonga saa saba mchana. Ngazi ni mawe matano makubwa yaliyopandiana hadi kileleni. Kutoka hapo unaliona ziwa lote.

Watu walikuwa na njaa na maji ya kunywa yalikuwa yanakaribia kuisha. Hakuna aliyemlazimisha Odeta, na hilo anasisitiza lieleweke. Ila walikuwa wakiangalia saa, naye aliwaona wakiangalia.

"Antoni alikuwa chini, akaniuliza, 'Limepoa?' Nikamjibu, 'Limepoa.'" Anakigeuza kiganja, anakitazama. "Halikuwa limepoa. Nilipoweka kiganja niliungua. Nilijua. Lakini nilisema moyoni, haya mawe nimeyapita mara ngapi? Nikagonga. Lililia vizuri, mwandishi, lililia kama kengele ya kanisa. Nikachora vema. Kumbe tangu tulipopita mara ya mwisho, kabla ya masika, kuna watu walikuwa wamelichoma wakaliacha."

Mwalimu Nathaniel ndiye aliyekuwa mbele. Alifuata chaki. Gurudumu la kulia lilipokanyaga jiwe la tatu, jiwe lilimeguka nusu. Injini ikanguruma, gari likayumba, likateleza kwa ubavu mpaka pale aliposimama Antoni. Hakufika hospitali.

Waliokuwa nyuma waliona vumbi, wakasikia injini. Maneno yakaanza hapohapo: mzee alikanyaga mafuta kupita kiasi. Polisi waliandika kwamba ni ajali. Wenzake kwenye kikundi wao waliandika kwamba dereva alikosa utulivu. Walipomuuliza Odeta kama jiwe lilikuwa zima, alijibu kwamba lilikuwa zima.

"Siku ya kwanza sikusema kwa sababu sikuwa na sauti," anaeleza. "Siku ya pili sikusema kwa sababu siku ya kwanza sikusema. Basi ikawa hivyo, kila siku inaifungia mlango inayofuata."

Kulikuwa pia na woga, hafichi. Alimwogopa mama mkwe wake, Bibi Awuor, ambaye Antoni alikuwa kitinda mimba wake. Alihofu kwamba akijua, atamchukua Precious, na yeye atabaki hana mbele wala nyuma.

Antoni alizikwa Shirati. Kwa desturi ya huko, mjane hupewa nafasi ya kusimama mbele ya jeneza na kumwelezea mumewe kwa watu. Odeta alisimama. Alisema jinsi walivyokutana, alisema jinsi Antoni alivyokuwa akimtania, watu wakalia, wengine wakacheka huku wanalia. Hilo moja hakulisema.

Mwalimu Nathaniel alikwenda msibani. Alisafiri peke yake kwa basi, akabeba mfuko wa mchele na rambirambi zake kwenye bahasha. Bibi Awuor alipoambiwa ni nani yuko mlangoni, alisema mtu huyo asikanyage uwanja wake. Mzee wa watu akabaki nje, barabarani, kofia mkononi, kuanzia asubuhi mpaka jeneza likaingia kaburini jioni. Hakuondoka. Odeta alikuwa akimwona kupitia uwazi wa miti ya uzio.

"Ningetembea hatua thelathini tu," anasema. "Hatua thelathini, nikamwambie mama, mwache huyu baba aingie. Miguu ilikataa."

* * *

Msafara wa leo una safari mbili ndani yake. Kwa wengi ni matembezi ya kawaida ya mwisho wa mwezi. Lakini watapita pia Ngazi kumwombea marehemu. Queen Amondi, mwenye duka la dawa mtaa wa Mirongo na ndiye kiongozi wa kikundi, alimbembeleza Mwalimu wiki tatu mpaka akakubali kuja.

Magari yanapanda taratibu. Odeta yuko mbele kwa miguu, anagonga, anasikiliza, anachora. Tangu Antoni afariki, hajagonga jiwe lolote baada ya saa tatu asubuhi. Njia ndefu anaigonga jana yake. Madereva wanalalamika kwamba amekuwa mgumu.

Mara mbili msafara unaposimama, anashuka hadi kwenye gari la kwanza, la Queen, alimokaa Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Precious. Mtoto hajambo? Hesabu anaziweza?"

"Hajambo. Hesabu zinampiga chenga."

"Mlete Jumamosi nimfundishe. Sina kazi mimi."

Odeta anafungua mdomo, anaufunga, anarudi mbele. Mara ya pili inakuwa vivyo hivyo. Ukimtazama kwa nyuma unaona mabega yamemnyong'onyea.

Wakati huo Mwalimu anamweleza mwandishi maisha yake ya miaka miwili, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Landkruza yake aliiuza wiki ya pili baada ya mazishi. Tangu hapo hajashika usukani. Kwenye kikundi jina lake halitajwi ila kwa kunong'onezana.

"Kinachonitesa si maneno yao," anasema. "Kinachonitesa ni kwamba sikumbuki kukanyaga mafuta. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kimeniuma. Basi nikasema, kama watu wote wameona, mimi ni nani nibishe? Huu mguu wa kulia nauangalia hata nikiwa kanisani. Nasema, wewe, ulifanya nini?"

* * *

Saa sita na nusu, jua la utosi, wanafika chini ya Ngazi. Jiwe la tatu limebaki nusu. Wanavua kofia, Queen anasali sala fupi, mtu mmoja anapangusa macho. Leo hakuna atakayepanda hapa. Pembeni kuna njia mpya, tambarare, inayoteremka hadi ziwani.

Queen anatoa funguo mfukoni, anamnyooshea Mwalimu.

"Mwalimu, kutoka hapa ni mchanga mtupu. Endesha wewe. Inatosha sasa, baba."

Mwalimu anazitazama funguo kama kitu cha moto. "Hapana, mwanangu. Mguu huu siuamini. Uliua mtu."

"Haukuua," anasema Odeta.

Amesema kwa sauti ndogo, lakini wote wamesikia. Anapiga moyo konde, anamsogelea mzee, anasimama mbele yake mikono ikining'inia.

"Mwalimu, mguu wako haukuua mtu. Jiwe lilikuwa limechomwa. Nililigonga saa saba nikijua limepata moto. Antoni aliniuliza nikamdanganya. Wewe ulifuata chaki yangu tu."

Injini ya kijisuzuki, iliyokuwa bado inanguruma, inazimwa.

Mwalimu anavaa tena kofia yake. Kisha, kwa sauti ya darasani, anasema, "Ligonge nisikie."

Odeta anapanda. Anagonga ile nusu iliyobaki. Inalia safi, sauti inakwenda mpaka upande wa pili wa bonde.

"Tena."

Anagonga tena. Mzee anapanda kwa shida, anaichukua nyundo na kugonga mwenyewe, mara tano, mara sita, mpaka jasho linamtoka.

"Na asubuhi linaliaje?"

"Kama debe la unga, Mwalimu. Njoo siku yoyote alfajiri, utasikia."

Mzee anakaa juu ya jiwe.

"Miaka miwili nimeuita mguu wangu muuaji," anasema hatimaye. "Wewe ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Pasaka ulinisalimia nje ya kanisa."

"Nilikusalimia."

"Ukaniuliza habari za nyumbani!"

Odeta analia sasa, analia kwa sauti, bila kujifunika. Anataka kupiga magoti, mzee anamzuia kwa mkono, kwa hasira.

"Usinipigie magoti. Mimi sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Labda nitaweza, labda sitaweza, sijui. Ila kuna mama kule Shirati anaamini mwanawe niliuliwa... aliuawa na mimi." Ulimi umemteleza, anajirekebisha. Kisha anamalizia: "Anza na yeye. Ukishamwambia ndipo uje kwangu."

Anashuka, anachukua funguo mkononi mwa Queen bila kuomba, anawasha gari na kuondoka peke yake kuelekea ziwani. Anaendesha vizuri, gia kwa gia, kama aliyeendesha jana. Waliomfuata baada ya nusu saa walimkuta ufukweni, mlango wazi, paji la uso ameliegemeza kwenye usukani, analia.

Odeta alibaki juu ya jiwe. Magari yaliondoka moja baada ya jingine na hakuna aliyemwambia apande. Ni Queen aliyerudi kumchukua na gari la mwenzake.

"Panda, Mama Precious."

"Nitakuja tena mwezi ujao?" aliuliza Odeta.

Queen aliangalia mbele. "Sijui. Wanataka kukaa kikao. Kwa kweli sijui."

* * *

Jioni ile, nyumbani kwake Buswelu, Odeta alimwomba mwandishi jambo moja. Alitaka makala haya yasitoke gazetini kabla hajafika Shirati.

"Mama asisome kwenye karatasi," alisema. "Asiambiwe na jirani. Nimwambie mimi mwenyewe kwa mdomo huu."

Aliondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi, pamoja na Precious, ambaye mama yake alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu Jumapili usiku. Anachosema kuhusu mazungumzo hayo ni kwamba mtoto hakuongea naye mpaka walipofika Musoma, ndipo akamuuliza kama amekula.

Jumatano saa nne asubuhi Odeta alipiga simu ofisini kwetu. Sauti ilikuwa imekauka.

"Nimeshasema. Sasa andika."

Bibi Awuor, kwa maelezo yake, hakupiga kelele wala hakumtukana. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa mlangoni, akichambua dagaa kwenye ungo. Alipomaliza kusikiliza, aliendelea kuchambua. Mchana ukapita. Jioni ndipo akauliza swali moja tu.

"Aliniuliza, 'Yule baba niliyemwacha juani siku nzima, kuna mtu alimpelekea hata maji?' Nikamwambia hapana, mama. Hakuna aliyempelekea. Akaacha ungo, akaingia ndani, nikamsikia analia. Kwenye msiba wa Antoni mama hakulia, mwandishi. Alikuwa na hasira tu. Jana ndiyo amelia."

Hajamfukuza mkwewe. Hajamwambia abaki, pia. Odeta analala jikoni na Precious, anachota maji, anapika, na chakula chake kinaliwa kimyakimya. Hajui kama atarudi kwenye mawe, wala hajui kikao cha kina Queen kitaamua nini. Kokoto zipo, anasema, nyundo anayo, njaa haitamuua.

Anachotaka sasa ni kitu kimoja. Leo asubuhi Bibi Awuor alimwita, akamwambia kwa maneno machache: amlete yule mwalimu, aingie uwanjani kwa mlango wa mbele, akae kwenye kiti, apewe chakula.

"Nimempigia simu mara mbili, hajapokea," anasema Odeta. "Kesho nitapiga tena."